Malipo ya Haki kwa Wachangiaji wa Programu Huria

(Hotuba iliyotolewa mjini Kampala mbele ya wanaprogramu, wafasiri, wahadhiri na watunza kumbukumbu wa vituo vya afya. Imehaririwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.)

Waheshimiwa wageni waalikwa, walimu wangu, kaka na dada zangu mnaoandika programu, mnaozifasiri na mnaozitumia kila siku kazini, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie namna Waganda wanavyoweza kuchangia zaidi katika programu huria, yaani programu ambazo msimbo wake (maandishi ya maagizo ambayo kompyuta huyafuata) uko wazi kwa kila mtu kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuusambaza, na ambazo nyingi kati yake huendeshwa na jumuiya za watu badala ya kampuni moja. Nimekubali kwa furaha, ila naomba ruhusa yenu niingie katika jambo hili kwa mlango ambao kwa kawaida huachwa hadi mwisho, au huachwa kabisa, nao ni mlango wa malipo. Kwa maoni yangu hatuna haki ya kuendelea kuwahimiza vijana wetu wachangie, mwaka baada ya mwaka, pasipo kusema waziwazi ni nani atakayelipia muda wao, kwa kiwango gani, kwa kazi ipi, na kwa uamuzi wa nani.

Tuangalie kwanza hali ilivyo hapa nyumbani. Takwimu za afya ambazo wilaya zetu huzituma Wizara ya Afya hupita katika DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei pamoja na mtandao wa vikundi vya nchi nyingi, kikiwemo kikundi cha hapa Uganda, nayo imekuwa ikitumika nchi nzima tangu mwaka 2012. Kumbukumbu za wagonjwa, hasa wale wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, huhifadhiwa katika vituo vingi kwa UgandaEMR, ambayo imejengwa juu ya OpenMRS, mradi ulioanza mwaka 2004 kwa ajili ya hospitali za nchi kama zetu. U-Report, ambayo UNICEF iliianzisha hapa hapa Uganda mwaka 2011 ili vijana watoe maoni yao kwa ujumbe mfupi wa simu, leo inatumika katika nchi nyingi na inaendeshwa kwa RapidPro, ambayo nayo ni huria. Sisi basi si watu wa kualikwa kwenye programu huria kana kwamba ni jambo geni, kwa sababu tayari tunaishi ndani yake, na mama anayefuata dawa zake kliniki anaitegemea hata kama jina lake hajawahi kulisikia.

Na Waganda si watumiaji tu. Katika OpenMRS, wanaprogramu wa Uganda ni miongoni mwa watu waliochangia msimbo mwingi na waliowapokea na kuwaelekeza wachangiaji wapya kutoka kila pembe ya dunia. Anayetaka kuona alama ya mazingira yetu katika programu hiyo na atazame sehemu ya tarehe ya kuzaliwa. Karani anapomsajili mzee asiyejua tarehe yake, humwandikia umri wa kukadiria, na programu huhifadhi pamoja na tarehe hiyo taarifa kwamba ni makadirio, ili daktari atakayeisoma baadaye asije akaichukua kuwa ya uhakika. Ni jambo dogo, lakini ni vigumu kufikiriwa na mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye dawati la mapokezi la kituo cha afya asubuhi ya siku ya kliniki, foleni ikiwa imefika hadi nje ya geti.

Sasa nitawapa mfano mmoja ninaoufahamu kwa karibu, bila kuwataja wahusika. Dada mmoja wa Mbale, aliyekuwa ametoka tu kumaliza masomo ya kompyuta, aliombwa na karani wa kituo cha afya amsaidie kuelewa kwa nini idadi ya wagonjwa walio kwenye matibabu katika ripoti ya mwezi ilikuwa ikizidi idadi iliyo kwenye rejista ya karatasi. Walikaa wawili hao wakilinganisha jina kwa jina, hadi wakagundua kwamba mgonjwa aliyehamia kituo kingine kisha akarudi alikuwa na maandikisho mawili, na ripoti ilikuwa ikihesabu maandikisho badala ya kuhesabu watu. Programu yenyewe ilikuwa huria. Dada yule aliutafuta msimbo, akaipata sehemu yenye kosa, akairekebisha, akaandika majaribio ya kuthibitisha kwamba marekebisho yake hayavunji kitu kingine, akayatuma. Mkaguzi aliyekuwa nchi ya mbali alimrudishia maswali, naye akayajibu usiku, umeme uliporudi, kwa bando alilolinunua kwa fedha zake. Marekebisho yalipokubaliwa, mistari iliyobadilika ilikuwa michache mno, lakini kila kituo kilichochukua toleo lililofuata kilipata ripoti yenye idadi sahihi ya wagonjwa, na idadi hiyo ndiyo inayotumika kuagizia dawa.

Kwa kazi hiyo hakulipwa chochote. Nimeambiwa, na sina sababu ya kutoamini, kwamba katika kipindi hicho hicho ofisi iliyokuwa ikiitumia programu hiyo ilifanya warsha hotelini kuhusu ubora wa takwimu, na kila aliyehudhuria alipewa posho ya siku na nauli ya kurudia. Simlaumu aliyepokea posho hiyo, maana nauli ni nauli na watu wana familia. Ninachokilaumu ni utaratibu wa bajeti zetu, ambao una fungu la ukumbi, la chai, la fulana na la mwezeshaji, lakini hauna fungu la mtu anayeitunza programu ambayo warsha nzima inaihusu. Tumejizoesha kulipia kuhudhuria, na kazi yenyewe tukaiacha iwe sadaka. Ndugu zangu, jambo hili linaniuma, na naona ni heri niliseme hapa mbele ya watu ambao wanaweza kulibadilisha kuliko kulinung'unikia pembeni.

Wapo watakaosema kwamba programu huria iliasisiwa kwa kujitolea, na kwamba fedha zikiingia roho yake itatoka. Historia haisemi hivyo. Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 mradi wa GNU wa kujenga mfumo endeshi huria, alikuwa ifikapo mwaka 1985 akiuza mikanda ya sumaku yenye Emacs, programu yake ya kuhariri maandishi, kwa dola 150 mkanda mmoja, na leseni ya GPL aliyoiandika inamruhusu mtu yeyote kutoza fedha kwa nakala na kwa huduma. Mwaka 1989 Marekani ilianzishwa kampuni iliyoitwa Cygnus, ambayo ilijipatia riziki kwa kuwatunzia wengine programu za GNU. Kiini cha Linux, mfumo endeshi huria unaoendesha seva nyingi, ambacho Linus Torvalds alikianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, leo hubadilishwa kwa sehemu kubwa na watu walioajiriwa kwa kazi hiyo na kampuni zinazokitumia. Msimbo umebaki wazi muda wote huo. Uhuru wa programu uko katika haki anazopewa mtumiaji, na haki hizo hazipungui hata chembe kwa sababu aliyeiandika amelipwa mshahara.

Hata vijijini kwetu jambo hili tunalielewa bila kufundishwa. Kisima cha pampu ni cha kijiji kizima, na hakuna mtu anayeyamiliki maji yake. Hata hivyo kamati ya watumiaji wa maji hukusanya mchango mdogo kutoka kila kaya, na pampu inapoharibika humwita fundi, ikamlipa ufundi wake na vipuri. Hakuna anayemwambia fundi kwamba, kwa kuwa maji ni ya wote, naye afanye kazi bure, na hakuna anayedhani kwamba fundi akishalipwa amekuwa mwenye kisima.

Gharama ya kutomlipa fundi imeshaonekana duniani, tena mara zaidi ya moja. Tarehe 7 Aprili 2014 ilitangazwa dosari iliyopewa jina la Heartbleed katika OpenSSL, programu huria iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia, zikiwemo za benki. Dosari hiyo iliingia katika toleo la mwaka 2012, ikiwa imepita mikononi mwa mkaguzi bila kuonekana, na ikakaa humo kwa miaka miwili. Ndipo watu wakafahamu kwamba mradi uliotegemewa na kampuni tajiri kuliko zote ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 tu kwa mwaka, na ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeufanyia kazi muda wote. Baada ya hapo kampuni kubwa zilichanga kupitia Linux Foundation, na fedha zikapatikana. Zilikuwepo siku zote, ila hakuna aliyekuwa ameona kwamba ni wajibu wake kuzitoa.

Miaka kumi baadaye, Machi 2024, jambo la kutisha zaidi liligunduliwa. Katika xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayopatikana karibu katika kila mfumo wa Linux, mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amepachika mlango wa siri katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Hakuvunja kufuli yoyote. Alianza mwaka 2021 kwa kutuma marekebisho ya kawaida, na wakati akiendelea kujenga uaminifu, majina mengine yasiyojulikana yalimwandama mlezi wa programu, yaani mtu anayeitunza, yakimlalamikia kwamba anachelewa na kumtaka akabidhi kazi kwa mwingine. Mlezi huyo alikuwa peke yake, halipwi, na alikuwa ameshasema hadharani kwamba hali yake ya afya ya akili si nzuri na kwamba programu hiyo ni kazi ya mapenzi tu. Mwishowe alikubali msaada wa Jia Tan. Hila hiyo ilinaswa na mhandisi aitwaye Andres Freund, aliyeona kwamba kuingia kwenye seva kulikuwa kunachelewa kwa nusu sekunde, akaamua kutafuta sababu. Ninawaomba walio serikalini na katika mashirika waitafakari nusu sekunde hiyo. Mlezi aliyechoka, asiye na mwenzake wa kulipwa wa kumsaidia kukagua, ndiye mwanya ambao adui aliutafuta, na seva zetu za hapa Kampala zinaendeshwa na mifumo hiyo hiyo.

Sitaki nionekane kana kwamba ninasema malipo hayana hatari. Yanazo, na jumuiya ya Debian, inayotengeneza mfumo endeshi huria wenye jina hilo, ilizionja. Mwaka 2006 baadhi ya viongozi wake walianzisha mpango wa kuwalipa wasimamizi wawili wa toleo, kila mmoja kwa mwezi mmoja wa kazi, ili toleo lililopewa jina la Etch likamilike Desemba mwaka huo. Mgogoro ulizuka. Baadhi ya waliokuwa wakijitolea kwa miaka mingi waliona kwamba wenzao wachache wameinuliwa juu yao bila jumuiya kukubaliana, wakapunguza kazi zao, na Etch ikatoka Aprili 2007. Wengi huitumia habari hiyo kuthibitisha kwamba fedha na jumuiya haziwezi kukaa pamoja. Mimi naisoma kwa namna nyingine, kwa sababu habari haikuishia hapo. Tangu mwaka 2014 matoleo ya zamani ya Debian yamekuwa yakitunzwa na wachangiaji wanaolipwa kwa saa kupitia kampuni iitwayo Freexian, kwa fedha za taasisi zinazoyahitaji matoleo hayo. Kiwango cha saa ni kimoja kwa wote, na kazi iliyofanywa hutolewa ripoti ya hadhara kila mwezi. Mpango huo umedumu. Kazi inayolipiwa ni ile ambayo wanaojitolea hawakuipenda, nayo ni kurudi kwenye matoleo ya miaka ya nyuma na kuziba matundu ya usalama. Aliyelipwa hapati kura ya ziada kwa kulipwa kwake, na yeyote anaweza kusoma alilipwa kwa kazi gani. Ninachojifunza ni kwamba kinachoumiza jumuiya ni malipo yanayoamuliwa gizani, yanayogeuka cheo, na yanayomfanya asiyelipwa ajione mjinga.

Hatari nyingine ni ya kulipia kitu kisicho sahihi. Oktoba 2020 shindano moja la kimataifa lililoahidi fulana kwa washiriki watakaotuma michango minne lilisababisha walezi wa miradi mingi kufurika mabadiliko yasiyo na maana, kama vile kuongeza neno moja katika maelezo ya mradi, hata waandaaji wakalazimika kubadilisha kanuni siku chache tu baada ya mwezi kuanza ili iingie tu miradi iliyoomba kushiriki. Fulana tu ilitosha kuleta vurugu hiyo. Ukimlipa mtu kwa idadi ya mistari, atakuandikia mistari mingi, na ukimlipa kwa idadi ya dosari alizofunga, atazichagua zile nyepesi. Ndiyo maana ninatetea malipo ya muda wa kazi, kwa makubaliano yaliyoandikwa, na si zawadi za papo kwa papo.

Na kazi yenyewe ni ipi? Hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa kuwa hapa ndipo tunapokosea zaidi. Mfadhili anapotoa fedha, hupenda kulipia kipengele kipya ambacho anaweza kukionyesha kwenye ripoti yake kwa picha. Ukaguzi wa msimbo wa mtu mwingine hauna picha. Kumjibu karani wa Arua anayeuliza kwa nini ripoti yake haifunguki hakuna picha. Kuandika mwongozo ambao mhudumu wa kituo ataufuata bila kumpigia mtu simu, kuhamisha programu kutoka toleo la zamani la hifadhidata hadi jipya, kufunga maombi ya zamani baada ya kuhakikisha kwamba kweli yameshughulikiwa, yote hayo ni kazi, tena ni kazi inayochosha kuliko kuandika kipengele kipya, na ndiyo inayoamua kama programu itaishi au itakufa. Dada yule wa Mbale alisubiri sana kabla marekebisho yake hayajakubaliwa, na kilichochelewesha ni kwamba mradi ulikuwa na wakaguzi wachache, wote wakiwa na ajira nyingine mchana. Tukipata fedha kidogo, tulipie ukaguzi kwanza.

Wafasiri nao wasisahaulike. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, na hapa Uganda watu walijitolea kukifasiri kivinjari cha Firefox kwa Kiluganda. Serikali yetu iliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, kwa hiyo mahitaji ya programu zenye Kiswahili sanifu yataongezeka katika ofisi za umma, jeshini, polisi na shuleni. Kumchukua mwalimu wa lugha aliyesomea, ukamwomba afasiri maelezo ya dawa na vipimo bila malipo huku aliyeandika msimbo akilipwa, ni dhuluma. Kosa katika tafsiri ya kipimo cha dawa si dogo kuliko kosa katika msimbo.

Sasa nifike kwenye swali linalozua ubishi mkubwa kila linapotajwa: je, Mganda alipwe sawa na Mjerumani kwa kazi ile ile? Mafunzo ya Outreachy, ya kuwaingiza watu wapya katika programu huria, yaliyo chini ya shirika lisilo la faida la Software Freedom Conservancy, humlipa kila mshiriki dola 7,000 kwa miezi mitatu, awe anaishi Lima au Lira, na kwa viwango vya miaka hii ya karibuni hizo ni takriban shilingi milioni 25. Google Summer of Code, mafunzo ya namna hiyo ya kampuni ya Google yaliyoanza mwaka 2005, yalilipa kiwango kimoja kwa miaka mingi, lakini tangu mwaka 2017 malipo yake hutegemea nchi anayoishi mshiriki, kwa hoja kwamba dola moja hununua vitu vingi zaidi katika nchi maskini.

Hoja hiyo naielewa, wala si ya hila. Chakula na pango ni nafuu Lira kuliko Berlin. Lakini mchangiaji wa programu hanunui matoke tu. Kompyuta mpakato anayoitumia ina bei ile ile ya dola, na mara nyingi zaidi ya hiyo kwa sababu ya usafirishaji na ushuru. Data anayotumia hutozwa ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021. Umeme ukikatika hununua betri au mafuta ya jenereta, gharama ambazo mwenzake wa Berlin hazijui. Zaidi ya hayo, mradi unaponunua kazi yake haununui maisha yake, bali unanunua marekebisho ambayo yatatumika Berlin na Lira sawasawa, na thamani yake huko haipungui kwa sababu yametoka huku. Kwa hiyo katika mfuko wa jumuiya, ambao hauna faida ya kumgawia mwenye hisa, sioni sababu ya haki ya kuwa na viwango viwili kwa saa moja ya kazi ya aina moja.

Upo upande wa pili ambao lazima tuukabili kwa uaminifu. Kijana mmoja akilipwa kwa kiwango cha Ulaya muda wote, mhandisi wa hospitali ya rufaa ya mkoa anayelipwa mshahara wa serikali ataiacha hospitali amfuate, na tutakuwa tumejenga programu kwa kubomoa mahali inapotumika. Dawa ya tatizo hilo, kwa maoni yangu, si kushusha kiwango. Tugawe saa. Badala ya kumpa mtu mmoja mwezi mzima, wape watu kadhaa saa chache kila wiki, wabaki kazini kwao, waendelee kuwaona wagonjwa na makarani ambao kwa ajili yao programu hiyo ipo. Mkaguzi anayefanya kazi mchana katika hospitali ya Gulu ana maarifa ambayo mkaguzi wa muda wote aliye mbali hana.

Ninajua pia kwamba katika kila mkutano kama huu husimama mtu akasema, kwa nia njema, kwamba yeye alijitolea miaka mingi bila senti na hakufa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mara nyingi aliyejitolea alikuwa na mshahara kutoka kwingine, au wazazi waliomlipia intaneti, au jioni zisizo na mtoto wa kumlaza wala chungu cha kupika. Tunapotegemea kujitolea peke yake tunachagua, bila kukusudia, ni nani atakayeingia na ni nani atakayebaki nje, na wanaobaki nje zaidi ni wanawake na watu wa mbali na Kampala. Mpango ambao baadaye ukawa Outreachy ulianza mwaka 2006 ndani ya GNOME, mradi huria wa mandhari ya kompyuta za Linux, kwa sababu hiyo hasa, baada ya kuonekana kwamba walioomba nafasi za mafunzo ya kiangazi walikuwa wanaume watupu. Wanawake walipoalikwa kwa jina na kulipwa, waliomba kwa wingi.

Malipo ya haki ni pamoja na malipo yanayofika. Mchangiaji wa Uganda hukuta kwamba baadhi ya njia za malipo za mtandaoni humruhusu kutoa fedha lakini si kupokea. Hawala ya benki humezwa na makato ya benki mbili au tatu njiani, na makato hayo huumiza zaidi kiasi kinapokuwa kidogo. Akipokea kwa simu, kutoa fedha kuna makato yake, pamoja na kodi ya asilimia 0.5. Mradi unaosema unalipa sawa wote, kisha ukaacha makato hayo yamwangukie mpokeaji, haujalipa sawa. Kiasi kiandikwe kwa kile kitakachofika mkononi, mradi ubebe gharama ya kukifikisha, na mtu asilazimishwe kuomba fedha zake mara tatu kana kwamba anaomba hisani.

Neno kuhusu chanzo cha fedha. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na sehemu kubwa yake isirudi tena, watu wengi Afrika Mashariki waliokuwa wakitunza mifumo ya taarifa za afya kwa mikataba ya miradi walipoteza kazi kwa barua moja. Msimbo ulibaki, kwa kuwa ni huria, na hilo ni jambo la kushukuru, lakini waliokuwa wakiuelewa walitawanyika kutafuta riziki. Fedha ya mfadhili mmoja ni nzuri kuanzia na ni mbaya kutegemea. Serikali ya Ujerumani mwaka 2022 ilianzisha mfuko wa umma wa kulipia utunzaji wa programu huria ambazo uchumi wake unazitegemea. Uganda haina utajiri wa Ujerumani, lakini utegemezi wetu si mdogo kuliko wao, na kiasi kinachohitajika kumlipa mkaguzi mmoja kwa saa chache kila wiki ni kidogo kuliko bei ya leseni ambazo programu huria imetuepusha kuzinunua.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo machache, na ninaomba yajadiliwe mchana huu badala ya kupigiwa makofi. Vikundi vilivyo hapa vianzishe mfuko mmoja wa pamoja, wenye hesabu zinazotolewa hadharani kila mwezi, zikionyesha kazi iliyofanywa, saa zilizotumika na kiasi kilicholipwa. Kiwango cha saa kiwe kimoja kwa mwandishi wa msimbo, mkaguzi, mfasiri na mwandishi wa miongozo. Kamati itakayoamua kazi zipi zilipiwe iwe na watu wanaojitolea pamoja na wanaolipwa, na mtu yeyote atoke chumbani jina lake linapojadiliwa. Asiyetaka kulipwa aheshimiwe katika uamuzi wake, ila asiutumie kumnyima mwenzake.

Na ninyi mlio wizarani, hospitalini na katika vyuo, mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na maombi ya bajeti huandikwa miezi mingi kabla. Katika kila ombi lenye ununuzi wa kompyuta au mafunzo ya mfumo, wekeni mstari wa utunzaji wa programu yenyewe, hata ukiwa mdogo, na muuandikie maelezo kwamba ni malipo ya kazi ya ukaguzi na marekebisho yatakayorudishwa kwa jumuiya. Mhasibu atauliza maana yake. Mwelezeni, na akikataa mwaka huu, uandikeni tena mwaka ujao. Rasimu ya kanuni za mfuko iko mezani pale mlangoni, na ninaomba tuanze na kifungu cha ukaguzi wa msimbo, kwa sababu hadi sasa kuna marekebisho yaliyotumwa na vijana wa nchi hii ambayo bado yanasubiri mtu wa kuyasoma.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.